Nyota, gololi, dakika kumi au kikao: ipi inaifaa familia yako?

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kochi, mguu ameunyoosha juu ya mto, bandeji hadi kifundoni. Akamwomba mwanangu wa kati, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sita, amletee maji ya kunywa. Mtoto akasimama. Akautazama mlango wa friji, ilikobandikwa chati yake ya nyota, kisha akanigeukia: "Mama, nikimpelekea bibi maji napata nyota ngapi?"

Hakuwa na ujeuri hata kidogo. Aliuliza kwa sauti ileile ambayo angeniuliza kama mvua imekatika. Na aliyemfundisha kuuliza hivyo ni mimi, maana kwa wiki saba nilikuwa nampa nyota kwa kupiga mswaki, kwa kutandika kitanda, kwa kusema asante, hata kwa kutomsukuma mdogo wake. Ilikuja kazi mpya, naye akauliza bei yake.

Kinachoufanya uchaguzi wa njia uwe mgumu ni kwamba chati ile ilikuwa imefanya kazi. Mswaki ulipigwa bila kelele. Kitanda kilitandikwa. Kilichokuwa kimepungua ni kitu ambacho sikuwahi kukiandika kwenye chati.

Miaka mitatu imepita tangu jioni ile, na tumejaribu njia nyingine kwa watoto watatu wa rika tofauti. Naziweka hapa bega kwa bega kwa sababu wazazi wenzangu huniuliza ipi ni nzuri, nami kila mara najikuta naanza kwa kuwauliza wao: nyumbani kwenu kinachokosekana ni mazoea, au ni ukaribu? Mazoea ni viatu kurudi mahali pake, meno kusafishwa, kulala kwa wakati. Ukaribu ni mtoto kukufuata jikoni bila sababu akakusimulia siku yake, au ndugu wawili kucheza nusu saa bila mwamuzi. Wengi wetu hutumia dawa ya mazoea kutibu upungufu wa ukaribu, kwa kuwa mazoea yanahesabika na ukaribu hauhesabiki.

Chati ya nyota

Wazo lake si la jana. Miaka ya 1960, wanasaikolojia Teodoro Ayllon na Nathan Azrin waliwapa wagonjwa wa hospitali moja ya akili huko Illinois, Marekani, sarafu bandia za kubadilishana na vitu walivyovipenda kila walipojihudumia au kufanya kazi za wodini. Mwaka 1968 wakachapisha kitabu kuhusu mfumo huo. Nyota ya mlangoni mwa friji ni mjukuu wa sarafu zile. Tendo linalofuatwa na kitu kizuri hurudiwa, na likifuatwa papo hapo hurudiwa upesi zaidi.

Chati inayofanya kazi ina sura yake. Inabeba tabia moja, zikizidi sana mbili. Tabia yenyewe imeandikwa kama tendo linaloonekana kwa macho: "ukiingia, viatu kwenye rafu". Ukiandika "usafi" au "heshima", mtoto atalipima neno hilo kwa kipimo chake na wewe kwa chako, na kila jioni mtabishana. Nyota hutolewa palepale, haingoji mzazi akumbuke usiku. Iliyokwisha kupatikana hainyang'anywi kwa kosa jingine, maana mtoto aliyeona nyota zake zikibanduliwa mara mbili huona hakuna haja ya kuzihangaikia. Na chati ina mwisho unaojulikana tangu siku ya kwanza, tuseme wiki tatu au nne. Kuelekea mwisho nyota zinatolewa kwa nadra, sifa ya mdomo ikibaki palepale ilipokuwa.

Hapa wazazi wengi huchanganya zawadi na hongo. Zawadi inakubaliwa mapema, wote mkiwa mmetulia. Hongo inatolewa katikati ya kilio: mtoto amejitupa chini, nawe unasema "nyamaza nikupe simu." Zote mbili ni kitu kizuri kinachofuata tendo, lakini katika ya pili tendo lililolipwa ni kilio. Na ukija kuacha kulipa kilio hicho, jiandae: siku za mwanzo kinaweza kupanda kabla hakijashuka. Wazazi hukata tamaa hapohapo, wakiamini njia mpya imeshindwa, wakati ile ya zamani ndiyo inatapatapa.

Sasa upande wa pili. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha utafiti walioufanya kwenye shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford. Waliwachukua watoto wa miaka mitatu hadi mitano waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi wenyewe, bila kusukumwa. Kundi moja liliambiwa kabla kwamba wakichora watapewa cheti chenye muhuri wa dhahabu na utepe. Kundi la pili lilipewa cheti hichohicho kwa kushtukizwa, baada ya kumaliza. Kundi la tatu halikupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye kalamu zikarudishwa darasani. Wale walioahidiwa cheti walitumia kama nusu tu ya muda ambao wenzao walitumia kuchora. Waliopewa kwa kushtukizwa hawakupungukiwa.

Mwaka 2008 Felix Warneken na Michael Tomasello, wakifanya kazi Leipzig, Ujerumani, waliona jambo linalofanana kwa watoto wa miezi 20. Mtoto wa umri huo akiona mtu mzima ameangusha kitu na hakifikii, mara nyingi humwokotea mwenyewe. Waliopewa kichezeo kama malipo ya kusaidia walisaidia kidogo zaidi baadaye, malipo yalipokoma, kuliko wale ambao hawakulipwa.

Nilipoyasoma hayo nilielewa kosa langu la chati. Nyota inafaa kwa jambo ambalo mtoto halipendi na hatalipenda hivi karibuni, kama kupiga mswaki. Ukiibandika kwenye jambo ambalo tayari lina utamu wake, kama kumpelekea bibi maji, kuchora, kusoma hadithi au kumchekesha mdogo wake, unaingiza malipo mahali ambapo hayakuhitajika, na siku yakikoma kitaondoka zaidi ya ulichokileta.

Chupa ya gololi

Chati ni ya mtoto mmoja. Chupa ni ya nyumba nzima. Unatafuta chupa ya kioo yenye mdomo mpana, unaiweka mahali ambapo kila mtu anapita, na kila tendo jema linaingiza gololi. Ikijaa, mnafanya pamoja jambo mlilochagua pamoja.

Jamaa yake wa karibu ni mchezo wa darasani uliochapishwa mwaka 1969 na Harriet Barrish, Muriel Saunders na Montrose Wolf. Waligawa darasa la nne lenye fujo katika timu mbili, na timu ikawekewa alama kila mwanafunzi wake alipovunja kanuni. Fujo zilipungua sana. Kilichonivutia zaidi ni kwamba timu zote mbili ziliweza kushinda siku moja, mradi kila moja ibaki chini ya idadi iliyowekwa. Ushindi wa mmoja haukuhitaji kushindwa kwa mwingine. Ndugu wa tumbo moja wanaoshindanishwa kwa chati mbili zilizobandikwa sambamba hawapati nafasi hiyo: macho yao hayatoki kwenye chati ya mwenzao.

Sisi tuligeuza mambo mawili. Kwanza, hatuhesabu makosa, tunahesabu mema. Pili, na hili ndilo lililobadilisha nyumba yetu, mtu haruhusiwi kujitilia gololi. Unatia kwa ajili ya ulichomwona mwenzako akifanya, na unakisema kwa sauti.

Wiki ya kwanza ilikuwa soko. "Sema nimekusaidia, na mimi nitasema umenisaidia." Niliwasikia kupitia mlangoni, binti yangu mkubwa na mdogo wake, wakipanga. Sikuwagombeza. Jioni ile tuliongeza sharti moja: anayetia gololi aeleze alichokiona, kilitokea wapi, na mwenzake alikuwa akifanya nini wakati huo. Uongo mdogo unachosha ukitakiwa kuupa maelezo. Siku chache baadaye kitinda mimba wetu, mwenye miaka minne, alisimama kwenye kiti, akashika gololi ya bluu na kusema: "Dada alinifungulia zipu na hakuvuta." Akaidondosha. Ile sauti ya gololi ikigonga kioo, na uso wa dada yake, ambaye hakujua kwamba kuna aliyeona kuwa hakuvuta zipu, ndivyo vilivyoniambia tumepata njia.

Gololi 50 kwa watu watano zilituchukua wiki tatu hivi. Zawadi ya kwanza ilikuwa kulala wote sebuleni, magodoro yamepangwa chini, taa zimezimwa, tochi mbili. Hakikununuliwa kitu.

Ila chupa ina hatari yake. Mtoto mmoja akiwa na wiki mbaya, wenzake wanaweza kumgeuka: "wewe ndiye unayetuchelewesha." Ndiyo sababu gololi haiondolewi chupani kamwe, hata nyumba iwake moto kwa ugomvi. Chupa ikiruhusiwa kushuka, inakuwa kifaa cha kumkomoa mtu. Tena, haifai kwa tabia ngumu ya mtoto mmoja. Kama shida ni mtoto kukojoa kitandani au kukataa kwenda shule, kuiweka mbele ya familia nzima ni kumdhalilisha.

Dakika kumi za watu wawili

Hii naielezea kwa urefu kwa sababu ndiyo ningemshauri mzazi aanze nayo kama angeniruhusu nimchagulie.

Mwanasaikolojia Sheila Eyberg alianzisha katika miaka ya 1970 tiba ya mzazi na mtoto inayotumika hadi leo, hasa kwa watoto wa miaka miwili hadi saba wenye ukaidi mkubwa. Nusu ya kwanza ya tiba ile haigusi nidhamu kabisa. Mzazi anafundishwa kucheza na mtoto, na anapewa kazi ya nyumbani: dakika tano kila siku, mtoto mmoja, mchezo anauchagua yeye. Katika dakika hizo mzazi haamrishi, haulizi maswali, hakosoi. Anaeleza anachokiona ("unaweka la kijani juu ya jekundu"), anarudia maneno ya mtoto, anaiga mchezo wake, anasifu jambo mahususi. Amri na masahihisho huja baadaye, uhusiano ukishakuwa na msingi.

Sisi tunafanya dakika kumi, na kwa watoto watatu haiwezekani kila siku kwa kila mmoja, kwa hiyo mimi na mume wangu tunapokezana. Simu inabaki chumba kingine. Kengele ndogo ya jikoni inahesabu.

Ukilijaribu utaona lilivyo gumu. Siku ya kwanza nilikaa chini na mwanangu wa kati, yeye na matofali yake ya kuchezea, na katika dakika mbili nilijihesabia maswali saba. Unajenga nini? Hiki ni nini? Mbona hujaweka mlango? Kila swali lilimtoa kwenye mchezo wake na kumleta kwenye mtihani wangu. Nikanyamaza. Ukimya ule ulikuwa mzito mwanzoni, kisha ukalainika. Alijenga ukuta, nami nikajenga ukuta pembeni ya wake. Siku ya nne, bila kuinua kichwa, akasema kuna mtoto darasani anaficha mkoba wake kila siku wakati wa kwenda nyumbani, na ndiyo maana huchelewa kutoka. Nilikuwa nimemgombeza kwa kuchelewa huko kwa mwezi mzima.

Sikujibu kwa hotuba. Nilisema tu, "anauficha kila siku," nikaweka tofali jingine. Akaendelea kusimulia.

Kanuni moja ya dakika kumi inapingana na kila kitu ambacho chati inakufundisha: haziondolewi kama adhabu wala hazipatikani kama zawadi. Mtoto amevunja kikombe kwa makusudi, ameadhibiwa inavyostahili, na saa yake ikifika, mnacheza. Ukizifanya malipo, umemwambia kwamba ukaribu wenu ni mshahara. Ukiziacha ziwe zake hata siku aliyoharibu, anajua kwamba ukaribu wenu una mizizi.

Udhaifu wake ni kwamba matokeo yanachelewa na hayahesabiki. Hakuna chati ya kumwonyesha mgeni. Baada ya wiki mbili utagundua tu kwamba unapoita jina lake, anageuka mara ya kwanza badala ya mara ya nne, wala hutakumbuka ni lini ilianza. Na haimfundishi mtu kuweka viatu kwenye rafu.

Kikao cha familia

Aliyekieneza zaidi kikao cha familia ni Rudolf Dreikurs, daktari wa akili aliyezaliwa Vienna mwaka 1897, mfuasi wa mwanasaikolojia Alfred Adler. Dreikurs baadaye alifanya kazi Chicago, Marekani. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto huishika kanuni aliyoshiriki kuitunga, na kwamba mtoto anayejiona hana nafasi nyumbani ataitafuta nafasi hiyo kwa fujo.

Cha kwetu ni mara moja kwa wiki, dakika 20, mwenyekiti kwa zamu. Kila mtu anaanza kwa kumshukuru mwenzake kwa jambo moja. Kisha tatizo moja tu. Kisha jambo la raha la wiki inayokuja. Hatupigi kura, maana kura huzaa walioshindwa, nao watakaa wiki nzima wakisubiri uamuzi ukwame. Tunazungumza mpaka pawe na kitu ambacho wote wanaweza kukijaribu kwa siku saba.

Kikao kina gharama ambayo mzazi hana budi kuikubali kabla hajakiitisha: kuna siku utashindwa. Binti yangu alipofika miaka 12 aliweka mezani suala la simu usiku. Alikubali yake ilale sebuleni kwenye chaja saa tatu, kwa sharti kwamba zetu zilale pale pia. Mume wangu akatoa sababu za kazi. Mimi nikatoa sababu za dharura. Mtoto akatusikiliza mpaka mwisho, akauliza kama yeye hawezi kuwa na dharura. Simu zetu zimelala sebuleni tangu wiki ile. Kama ungetoa jibu la "mimi ni mzazi" kwenye hoja kama hiyo, heri usiitishe kikao.

Kinaharibika kikigeuka mahakama. Ukiona kila ajenda inahusu mtoto yuleyule, kisimamishe na urudi kwake kwa dakika kumi za watu wawili.

Mambo mawili madogo

Sifa. Hapa nasema kifupi. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao baada ya kufaulu walipendelea kazi rahisi, na walifanya vibaya zaidi baada ya kukutana na ngumu, kuliko waliosifiwa kwa jitihada. "Umerudia hesabu ile mara tatu mpaka ikakubali" ina uzito kuliko "wewe una akili." Sifa ya namna hii haigharimu kitu na inaingia ndani ya njia zote nne.

Habari za ukoo. Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, walitunga maswali 20 ya kumuuliza mtoto: je, unajua wazazi wako walikutana wapi? Unajua magonjwa au majeraha waliyopata walipokuwa wadogo? Watoto waliojua majibu mengi walielekea kujithamini zaidi na kuhisi kwamba maisha yako mikononi mwao. Watafiti wenyewe wameeleza kwamba kukariri majibu hakutoshi. La maana ni yale mazungumzo ya mara kwa mara yaliyompa mtoto majibu hayo. Sisi tunasimulia moja usiku, na watoto hupenda zaidi zile ambazo mkubwa alikosea kisha akainuka. Ukitaka njia ya ukaribu isiyohitaji chupa, kalamu wala kengele, ni hii.

Kwa kutazama haraka

| Njia | Inajenga | Umri unaofaa | Huonekana baada ya | Inaharibiwa na |
|---|---|---|---|---|
| Chati ya nyota | Mazoea ya mtoto mmoja | 3 hadi 8 | Siku chache | Kuwa na tabia nyingi, kunyang'anya nyota |
| Chupa ya gololi | Ndugu kuuona wema wa wenzao | 4 hadi 11 | Wiki mbili, tatu | Kuondoa gololi kama adhabu |
| Dakika kumi | Ukaribu wa mzazi na mtoto | Wote. Mkubwa anachagua shughuli badala ya mchezo | Wiki mbili na zaidi | Maswali, simu, kuzifanya malipo |
| Kikao | Uwajibikaji na sauti ya mtoto | 6 na kuendelea | Mwezi | Mzazi asiyekubali kushindwa |

Umri niliouandika ni wa makadirio yangu. Wewe ndiye unayemjua mtoto wako.

Sasa uchague

Mtoto wa chini ya miaka mitatu usimsumbue na nyota. Zawadi ya kesho kwake ni kitu kisichokuwepo. Mpe dakika zako na umsifu palepale.

Mtoto aliyekuwa mtulivu akawa mkorofi ghafla baada ya mdogo kuzaliwa, familia kuhama, au mmoja wenu kuanza kazi ya mbali, usimwekee chati. Tabia yake inasema kitu. Chati itanyamazisha kinachosemwa bila kukijibu. Anza na dakika kumi, na usiongeze kingine kwa wiki mbili.

Kama watoto wako wanapigana kuanzia asubuhi hadi taa zinapozimwa, chukua chupa. Na uzibandue chati mbili sambamba kama unazo.

Kama mnapendana vizuri ila asubuhi ni vita vya mswaki, sare na mkoba, chati inatosha. Mwezi mmoja, tendo moja, kisha iondoke. Hapo usijilaumu kwa kutumia zawadi. Kuna mambo ambayo hayana utamu wa ndani, na mtu mzima mwenyewe huyafanya kwa kujiahidi kitu. Kwa mtoto mwenye tatizo la kutulia na kuweka umakini, zawadi ndogo za papo kwa papo na za mara kwa mara zina nafasi kubwa zaidi kuliko kwa wengine, na inafaa mpango huo uupange pamoja na mtaalamu anayemhudumia.

Kijana wa miaka 13 akipewa nyota atajiona ametukanwa. Kwake ni kikao, na zile dakika kumi zikibadilishwa sura: kutembea pamoja, kupika pamoja, kukaa naye wakati anasikiliza muziki wake bila kuuliza kwa nini unapiga kelele. Vijana wengi husema zaidi wakiwa ubavuni mwako kuliko wakiwa wamekutazama usoni.

Na kama yote mawili yamepungua, mazoea na ukaribu, fuata mpangilio: ukaribu kwanza. Chati iliyoletwa baada ya wiki mbili za dakika kumi hupokewa kama mchezo mnaocheza wote. Ikiletwa kabla, hupokewa kama mkataba, na mtoto atausoma vipengele vyote, kama wangu alivyousoma.

Usiendeshe zaidi ya njia mbili kwa wakati mmoja. Kinachoua njia hizi mara nyingi ni mzazi aliyechoka wiki ya pili, akasahau nyota tatu mfululizo, akaruka kikao, na mtoto akahesabu.

Mtoto anayejiumiza, anayewaumiza wengine vibaya, au aliyepoteza hamu ya kula, kucheza na kulala, huyo hahitaji gololi. Mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili ya watoto mapema.

Na ile chati ya kwetu? Hatukuibandua jioni ileile. Tulikuwa tumemwahidi zawadi ikijaa, na ahadi kwa mtoto haivunjwi kwa sababu mzazi amegundua kosa lake mwenyewe. Nilimjibu kwamba maji ya bibi hayana nyota, ni maji ya bibi. Alifikiri kidogo. Kisha akauliza kama atumie glasi ile ndefu au ile fupi, kwa kuwa ile ndefu bibi hawezi kuishika vizuri akiwa ameegemea. Akaenda na ile fupi, ameishika kwa mikono miwili, anatembea polepole huku anatazama maji.